England, watoto wanene na tozo ya soda: kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Tangu mwaka wa masomo 2005/06 shule za msingi za serikali England zinapima watoto uzito na urefu mara mbili. Mara ya kwanza wakiwa wadogo kabisa, miaka 4 hadi 5, darasa wanaloliita Reception, na mara ya pili wakiwa Year 6, miaka 10 hadi 11, wanakaribia kuiaga shule ya msingi. Mtoto anavua viatu, anavua koti, anapanda kwenye mizani, anasimama kwenye kipimo cha urefu, dakika mbili kashamaliza karudi darasani. Mzazi asiyetaka anaweza kukataa mwanae asipimwe ila wengi wanaacha, kwahiyo kila mwaka zinapatikana takwimu za watoto zaidi ya milioni moja. Hizo takwimu ndo msingi wa kisa hiki na naomba tuzisome polepole, maana watu wengi wanazisoma mbiombio halafu wanakimbilia kulaumu wazazi.

Chukua kundi moja tu. Watoto walioanza shule 2016/17 walipopimwa, asilimia 9.6 walikuwa na unene wa kupindukia. Kundi lilelile lilipofika darasa la mwisho, 2022/23, asilimia 22.7. Yaani wameingia karibu mmoja kati ya kumi, wanatoka zaidi ya mmoja kati ya watano, na hapo katikati ni miaka 6 tu. Na usidhani ni kundi lenye mkosi, kila mwaka hali ni hiyohiyo, mwanzo wa shule kama asilimia 10, mwisho wa shule kama 22. Vipimo vya 2024/25 vimetoka 10.5 na 22.2.

Halafu kuna kitu watu hawakijui kuhusu hicho kipimo chenyewe. Mtoto anaitwa mnene kupindukia pale anapozidi asilimia 95 ya watoto wa umri na jinsia yake kwenye chati ya Uingereza ya mwaka 1990. Sasa fikiria maana yake, kwenye chati ile ni watoto 5 tu kati ya 100 walikuwa juu ya huo mstari. Mstari haujasogezwa, ni uleule, ila leo waliouvuka kwenye darasa la mwisho ni 22 kati ya 100. Kwa watu wazima ni hivyohivyo, mwaka 1993 walikuwa kama asilimia 15, mwaka 2022 wakafika 29, na ukijumlisha na wale waliozidi uzito tu bila kufika huko unapata asilimia 64 ya watu wazima wote wa England. Serikali yenyewe inasema NHS, yaani huduma ya afya ya umma, inatumia kama pauni bilioni 6.5 kwa mwaka kutibu magonjwa yanayotokana na unene.

Maelezo ya kwanza utakayoyasikia, kwenye basi, kazini, hata kanisani na msikitini, ni kwamba watu wamekuwa wavivu na wazazi hawajali. Mimi siyakubali na nina sababu mbili.

Ya kwanza ni mwaka wa korona. 2019/20 watoto wa darasa la mwisho wenye unene wa kupindukia walikuwa asilimia 21.0, mwaka uliofuata ikaruka hadi 25.5, na wale wadogo wa miaka 4 na 5 ikatoka 9.9 hadi 14.4. Mwaka mmoja! Shule zilifungwa, viwanja vya michezo vikafungwa, watoto wakashinda ndani na biskuti na tableti. Shule zilipofunguliwa namba zikaanza kushuka, wadogo wakarudi hadi 10.1. Wazazi ni walewale, damu ni ileile, tabia haiwezi kuharibika mwezi wa tatu halafu ikatengenezeka mwaka unaofuata kwa nchi nzima kwa pamoja. Kilichobadilika ni siku ya mtoto ilivyopangwa na chakula kilichokuwa karibu yake.

Ya pili ni mtaa. Mwaka 2023/24, kwenye maeneo maskini zaidi ya England watoto wa darasa la mwisho wenye unene wa kupindukia walikuwa asilimia 29.2, kwenye maeneo yenye nafuu zaidi 13.0. Na hata wakiwa wanaanza tu shule tayari ni 12.9 kwa 6.0. Kama tatizo ni uzembe wa wazazi basi itabidi uamini kwamba uzembe unafuata kodi ya nyumba, ukihama mtaa mmoja kwenda mwingine na uzembe unapungua. Mimi sijawahi kuona hivyo.

Ngoja niseme kwa wasiowahi kufika, hiyo mitaa ikoje. Saa tisa na nusu mchana shule zinatoka. Nje ya geti la shule ya sekondari kuna duka la kuku wa kukaanga, pembeni yake lingine, ng'ambo ya barabara kebab, halafu kiduka cha kona chenye chokoleti pale pale unapolipia. Mtoto ana pauni mbili au tatu mfukoni, anapata vipande vya kuku vya kukaanga na chipsi, pengine na soda juu, na anapata mahali pa kukaa na wenzake penye joto, maana kituo cha vijana kilichokuwepo mtaani kimefungwa miaka mingi. Hilo la mwisho linasahaulika kila mara. Watoto wanaenda pale kwa ajili ya kukaa pamoja kama wanavyoenda kwa ajili ya kula, na ukimwambia mtoto nenda nyumbani ukale tunda wakati nyumbani hakuna mtu hadi saa moja usiku kwa sababu mama yuko zamu ya kutunza wazee, unaongea na ukuta.

Na bei. Ukipima kwa kalori, chakula chenye afya Uingereza kinagharimu zaidi ya mara mbili ya kile kisicho na afya. Shirika la Food Foundation lilipiga hesabu mwaka 2023 likaona familia za chini kabisa, ile moja ya tano ya mwisho, zikitaka kula kama serikali inavyoshauri zitatumia nusu ya hela yao yote ya matumizi kwenye chakula tu. Nusu. Bado umeme na nauli na sare za shule. Kwahiyo mama anaponunua pakiti kubwa ya vitu vya kuweka kwenye oveni vya pauni mbili ambavyo anajua watoto watavimaliza na hakuna kitakachotupwa, anapiga hesabu sahihi kabisa kwa hela aliyonayo.

Sasa serikali ilifanya nini? Imefanya mengi, kwa maneno. Watafiti wawili wa Cambridge, Theis na White, walikaa wakapitia mikakati yote ya serikali kuhusu unene England kuanzia 1992 hadi 2020, wakakuta mikakati 14 yenye sera 689. Mia sita themanini na tisa! Na unene ukaendelea kupanda muda wote huo. Walichokiona ni kwamba sera nyingi zilikuwa za kumshauri mtu ale vizuri na atembee, chache sana ziligusa bei, matangazo au kile kinachowekwa ndani ya chakula chenyewe kiwandani, na nyingi hata hazikuandikwa nani atatekeleza na lini.

Hapa ndo tunafika kwenye kiini cha kisa, kwa sababu kati ya mwaka 2016 na 2020 England ilifanya vitu viwili kwa wakati mmoja, kwenye sukari ileile, chini ya serikali za chama kilekile, kimoja kwa sheria na kingine kwa hiari, na matokeo yapo.

Cha sheria ni tozo ya soda. Waziri wa fedha George Osborne aliitangaza kwenye bajeti ya Machi 2016, ikaanza kufanya kazi tarehe 6 Aprili 2018. Ilivyopangwa ni kwa akili sana na hapa ndo naomba usome vizuri. Tozo halipi mnywaji moja kwa moja, analipa mtengenezaji au mwagizaji, na inategemea sukari iliyomo. Soda yenye gramu 8 au zaidi kwa mililita 100 ilitozwa senti 24 za pauni kwa lita, yenye gramu 5 hadi chini ya 8 senti 18, na iliyo chini ya gramu 5 haitozwi kitu. Kwahiyo kiwanda kiliambiwa hivi, una miaka miwili, ukipunguza sukari ushuke chini ya gramu 5 hulipi hata senti, ukibaki juu utalipa. Mnywaji hakuombwa abadilike kwa lolote.

Na viwanda vikabadilika, tena vingine kabla hata tarehe haijafika. Supamaketi ya Tesco ilishusha soda zake zote za chapa yake chini ya mstari mwaka 2016. Ribena ikashuka, Lucozade ikashuka kiasi kwamba wagonjwa wa kisukari waliozoea kuinywa sukari ikishuka mwilini ilibidi watahadharishwe kwamba kiasi kilekile hakitatosha tena. Irn-Bru, soda ya rangi ya chungwa ambayo Waskoti wanaipenda kama kitu cha urithi, mwaka 2018 ilitoka gramu 10.3 hadi 4.7. Watu walilalamika sana, wakaanzisha maombi ya kukusanya saini, wengine wakanunua makatoni wakajaza stoo. Lakini angalia kopo moja la mililita 330 maana yake nini. La zamani lilikuwa na gramu 34 za sukari, vijiko vidogo zaidi ya nane, jipya lina gramu 15 na nusu, kama vijiko vinne. Mwongozo wa NHS kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6 ni asizidishe gramu 19 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na wa miaka 7 hadi 10 gramu 24. Kwahiyo kopo la zamani lilikuwa linammaliza mtoto siku yake yote na kuvuka. Coca-Cola ya kawaida haikubadilisha mapishi, ikaamua kulipa, ambayo kwa kopo ni kama senti 8, na bado ina gramu 35.

Matokeo yake, kati ya 2015 na 2019 sukari iliyouzwa kupitia soda zinazohusika na tozo ilishuka kutoka tani 135,500 hadi tani 87,600, zaidi ya theluthi imeondoka, wakati huohuo lita za soda zilizouzwa ziliongezeka. Soma tena hapo. Watu walikunywa soda zaidi na sukari kidogo. Viwanda havikufa, na serikali inakusanya zaidi ya pauni milioni 300 kwa mwaka kutoka kwa waliobaki juu ya mstari.

Cha hiari ni mpango wa kupunguza sukari kwenye biskuti, keki, chokoleti, aiskrimu, nafaka za asubuhi, mtindi na vinginevyo. Uliwekwa kwenye mkakati wa watoto wa Agosti 2016, kampuni zikaombwa zipunguze sukari kwa asilimia 20 ifikapo 2020. Ziliombwa tu. Hakuna faini, hakuna tozo, kuna vikao na ripoti. Ilipofika 2020 punguzo lote kwa wastani lilikuwa asilimia 3.5. Nafaka za asubuhi na mtindi walijitahidi, walifika kama 14 hivi kila mmoja, ila chokoleti karibu hakuna kilichobadilika.

Mimi kwangu hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huu kwenye habari nzima ya unene. Sheria ikatoa theluthi, hiari ikatoa 3.5, na baadhi ya kampuni zilizohusika zipo pande zote mbili. Kwahiyo mtu akiniambia tozo ni kuingilia uhuru wa watu namuuliza, uhuru wa nani? Wa mtoto wa miaka saba au wa anayeamua ni vijiko vingapi viingie kwenye kopo?

Je unene ulipungua? Hapa lazima niwe mkweli na nisikuze mambo. Watafiti wa Cambridge walitoa utafiti mwaka 2023 wakilinganisha mwenendo wa unene kabla na baada ya tozo, wakaona kwa wasichana wa darasa la mwisho unene wa kupindukia ulikuwa chini kwa asilimia 8 kuliko ambavyo ungekuwa bila tozo, kama wasichana 5,000 kwa mwaka waliookolewa, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwenye maeneo maskini. Kwa wavulana hawakuona tofauti, kwa wadogo wa miaka 4 na 5 pia hawakuona, ambayo haishangazi sana maana wadogo hawanywi soda kwa wingi, wanakunywa juisi ya matunda na maziwa ya kutiwa ladha ambayo tozo haikuvigusa. Kwa wavulana mojawapo ya mambo waliyoyataja ni matangazo, maana soda za nguvu na za michezo zinawalenga wao. Utafiti mwingine ukaonyesha watoto na vijana waliolazwa hospitali kung'olewa meno yaliyooza walipungua kwa asilimia 12. Hilo peke yake lingenitosha, mtu ambaye mtoto wake amewahi kulala na jino hospitali ananielewa.

Kwahiyo tozo moja kwenye aina moja ya kinywaji haikumaliza unene na hakuna aliyetegemea imalize. Zaidi ya nusu ya kalori za Waingereza zinatoka kwenye vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, soda ni kipande tu.

Kilichoniuma zaidi kwenye kisa hiki ni kilichofuata. Boris Johnson akigombea uongozi wa chama tawala na uwaziri mkuu 2019 alikuwa anazisema vibaya kodi za namna hii. Aprili 2020 korona ikamlaza chumba cha wagonjwa mahututi hospitali ya St Thomas', akatoka akisema mwenyewe kwamba alikuwa mnene mno, na Julai mwaka ule akaleta mkakati mkali, hakuna matangazo ya vyakula vibaya kwenye televisheni kabla ya saa tatu usiku, hakuna nunua moja upate ya pili bure kwa vyakula hivyo, pipi zitoke kwenye kaunta za kulipia, kalori ziandikwe kwenye menyu. Nilifurahi kama wengi. Halafu ikaanza kuahirishwa. Kalori kwenye menyu zikaja Aprili 2022, na utafiti uliotoka 2024 ukaona watu hawakupunguza kalori wanazoagiza. Pipi kwenye kaunta zikaondolewa Oktoba 2022, ila kwenye maduka makubwa tu, kile kiduka cha kona pale shuleni hakimo kwenye sheria. Ile ya nunua moja upate ya pili ikasogezwa, ikasogezwa tena, ikaja Oktoba 2025. Marufuku ya matangazo ikafika Januari 2026. Zaidi ya miaka mitano tangu ahadi. Mtoto aliyekuwa Reception siku ile ahadi inatolewa, sheria ya matangazo imemkuta yuko darasa la mwisho, keshapimwa mara ya pili au anasubiri kupimwa.

Kuna halmashauri ambazo hazikusubiri. Gateshead, kaskazini mashariki, tangu 2015 wanakataa vibali vya maduka mapya ya vyakula vya kubeba kwenye kata ambazo zaidi ya asilimia 10 ya watoto wa darasa la mwisho wana unene wa kupindukia, na kwa namba zao hiyo ni kama kukataa kila mahali. London wakapiga marufuku matangazo ya vyakula hivyo kwenye treni na mabasi tangu Februari 2019, na kuanzia Septemba 2023 watoto wote wa shule za msingi za serikali pale London wanakula chakula cha mchana bure. Hivi vinafanya kazi ileile ya tozo, vinabadilisha kinachomzunguka mtoto.

Sasa niseme na sisi Waswahili tulioko huku. Kwenye vipimo hivi vya shule watoto weusi wa darasa la mwisho ndo wako juu, na sehemu kubwa ya sababu ni mitaa tunayoishi na zamu tunazofanya. Ila kuna la kwetu pia. Barua inakuja kutoka halmashauri kwamba mtoto uzito umezidi, na shangazi au bibi yuko kwenye simu anasema mwacheni mtoto, kanona, kapendeza, mnataka akondeane kama mgonjwa? Namuelewa bibi, kwake yeye mtoto aliyekonda alikuwa mtoto anayeumwa, na hakukosea kwa wakati wake. Lakini barua ile usiitupe na usiisome mbele ya mtoto. Na kwa sisi wakubwa, tangu Septemba 2022 mwongozo wa NICE, taasisi inayoamua matibabu gani NHS itumie, unasema kwa watu wenye asili ya Afrika, Karibea na Asia, BMI (uzito wako ukilinganishwa na urefu) ya 23 inahesabika kama uzito uliozidi na 27.5 kama unene wa kupindukia, wakati kwa wengine ni 25 na 30, kwa sababu kisukari na presha vinatuanza mapema. Wengi wetu tunajipima kwa chati ya jumla tunajiona tuko salama. Ukienda kwa daktari, mkumbushe.

Siku hizi mazungumzo yote yamehamia kwenye sindano za kupunguza uzito. Wegovy ilikubaliwa na NICE Machi 2023, Mounjaro Desemba 2024, na kwenye kliniki za kawaida za NHS ilianza Juni 2025 kwa wenye hali mbaya zaidi kwanza, wengine wengi wananunua kwa hela zao. Zinasaidia, sizikatai, zimewaokoa watu ninaowajua. Lakini mwenye hela anaipata leo na mwenye pauni tatu mtaani anasubiri foleni, na kwa mtoto wa miaka minane anayetoka shule saa tisa na nusu sindano haina la kusema.

Kuna kilichotangazwa Novemba 2025, kwamba kuanzia Januari 2028 mstari wa tozo ya soda utashuka kutoka gramu 5 hadi 4.5, na vinywaji vya maziwa vya chupa vyenye sukari vitaingizwa. Naona ni hatua sahihi, viwanda vingi vilikuwa vimejibanza kwenye 4.9. Ila biskuti, keki na chokoleti bado ziko kwenye hiari, zile zile zilizotupa asilimia 3.5. Pendekezo la kuzigusa lipo tayari, lilikuwa kwenye mkakati wa chakula wa taifa ambao serikali yenyewe ilimwagiza Henry Dimbleby autengeneze, ukatoka Julai 2021, unasema pauni 3 kwa kila kilo ya sukari inayoingia kwenye vyakula vya viwandani na pauni 6 kwa kilo ya chumvi, na sehemu ya hela hiyo ipelekwe kwenye matunda na mboga kwa familia za kipato cha chini. Johnson alisema havutiwi na kodi mpya, Dimbleby akajiuzulu nafasi yake ya ushauri Machi 2023. Hesabu yake kwa chokoleti yenye gramu 25 za sukari ni senti 7 na nusu, karibu sawa na kile Coca-Cola imekuwa ikilipa kwa kila kopo tangu 2018.